Kutoka sekondari moja kwa moja hadi NBA: ni nini hasa kilichomwezesha Kevin Garnett kufaulu?

Mwalimu wa Kikapu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kazi yangu ni kuwanoa vijana wa sekondari katika mpira wa kikapu, na hakuna mjadala unaowasisimua kama ule wa wachezaji waliotoka sekondari na kuingia moja kwa moja NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, bila kupitia chuo kikuu. Jina linalotangulia daima ni la Kevin Garnett. Mwaka 1995 alichaguliwa na Minnesota Timberwolves akiwa na umri wa miaka 19, na kabla yake njia hiyo ilikuwa haijapitwa na mtu kwa miaka 20, tangu Darryl Dawkins na Bill Willoughby walipochaguliwa mwaka 1975. Baada yake njia ikajaa watu, hadi ligi ilipoifunga mwaka 2005.

Alikoishia tunakufahamu: misimu 21, kuteuliwa mara 15 katika Mchezo wa Nyota (mechi ya kila mwaka ya wachezaji bora wa ligi), tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2004, ubingwa na Boston Celtics mwaka 2008, na hatimaye kuingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu katika kundi moja na Kobe Bryant na Tim Duncan. Ninachokitafuta ni mwanzo wake. Vijana wangu huniambia kwamba alikuwa na kipaji, basi, na kwamba mwenye kipaji atafika tu. Jibu hilo halinitoshi, kwa kuwa wapo waliosifiwa kwa kipaji kama chake, wakachaguliwa hata mapema kuliko yeye, na hawakufika mbali. Naomba mwenye kuifahamu historia yake tangu akiwa shuleni anieleze ni mambo gani, mbali na urefu na wepesi, yaliyomwezesha kusimama imara katika ile miaka mitatu minne ya mwanzo. Na je, kutokwenda chuo kulikuwa hiari yake, au mazingira ndiyo yaliyomsukuma?

Mzee wa Ribaundi

Ndugu mleta mada, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalosahaulika mara nyingi. Garnett hakuacha kwenda chuo kwa kukidharau. Alisoma miaka mitatu katika sekondari ya Mauldin, jimbo la South Carolina, na mwaka 1994, akiwa bado amebakiza mwaka mmoja wa masomo, alitajwa kuwa mchezaji bora wa sekondari wa jimbo zima. Mwaka huo huo ukatokea shuleni ugomvi kati ya wanafunzi weusi na weupe, naye akawa miongoni mwa waliokamatwa. Shauri lilimalizwa kwa mpango wa marekebisho bila yeye kuhukumiwa, lakini mwaka wa mwisho hakuusoma Mauldin. Alihamia Farragut Career Academy mjini Chicago, chini ya kocha William Nelson, na huko timu yake ikashinda michezo 28 na kupoteza miwili tu. Wastani wake kwa kila mchezo ulikuwa pointi 25.2, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 17.9, asisti (pasi zinazozaa pointi) 6.7 na mitupo 6.5 aliyoizuia, na gazeti la USA Today likamtaja kuwa mchezaji bora wa sekondari nchini kote. Naomba uiangalie tena hiyo asisti 6.7, kwa kuwa inatoka kwa kijana wa karibu futi saba, ambaye kocha mwingine yeyote wa enzi zile angemsimamisha chini ya goli na kumwambia asubiri mpira umfikie.

Tatizo lilikuwa alama za mtihani wa kuingilia chuo, ambazo hazikuwa zimefikia kiwango kilichotakiwa na kanuni za michezo ya vyuo vikuu. Mlango wa chuo kikubwa ulikuwa haujafunguka, na mbele yake zilibaki njia za kuzunguka au drafti, yaani lile zoezi la kila mwaka ambamo klabu hupeana zamu za kuchagua wachezaji wapya. Kwa hiyo nikijibu kwa ukamilifu, nitasema kwamba hiari ilikuwepo, lakini ilikuwa hiari ya mtu ambaye uchaguzi wake ulikwisha kupunguzwa na mambo mengine.

Kabla ya drafti yalifanyika mazoezi maalumu katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Illinois pale Chicago, mbele ya viongozi wa klabu zilizokuwa na zamu za mwanzo. Kutoka Minnesota walikuja Kevin McHale na Flip Saunders, waliokuwa wamekabidhiwa usimamizi wa timu mwaka huo huo. Saunders alisimulia baadaye kwamba walikwenda na hila: wangemsifu kijana huyo hadharani ili klabu nyingine ivutike kumchukua, nao wabaki na mmoja wa nyota wa vyuo. Walipomwona akikimbia, akiruka, akipiga pasi na kurusha kutoka mbali kwa urefu ule, hila ikafa pale pale, na wakaanza kuhofia kwamba asingefika zamu yao. Akafika. Wanne waliomtangulia, yaani Joe Smith, Antonio McDyess, Jerry Stackhouse na Rasheed Wallace, wote walikuwa wametoka vyuoni, naye akawa wa tano.

Sasa ndipo lilipo jibu langu kwa swali lako kuu, na naomba nilikazie: Garnett aliangukia mikono iliyofaa. Minnesota ilikuwa klabu changa, iliyoanza kucheza mwaka 1989, na katika misimu yake sita haikuwahi kushinda hata michezo 30 kwa msimu mmoja. Hapakuwa na ubingwa uliosubiriwa wala mashabiki waliodai matokeo kesho asubuhi, kwa hiyo kijana aliruhusiwa kukosea. Aliyemsimamia, McHale, alicheza nafasi ile ile kwa miaka 13 akiwa na Boston, akatwaa ubingwa mara tatu, na alijulikana kwa ufundi wa miguu karibu na goli kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Saunders naye alicheza pamoja na McHale katika Chuo Kikuu cha Minnesota, hivyo mipango ya watu hawa wawili haikugongana. Tena alikuwepo Sam Mitchell, mchezaji mkongwe aliyekuwa akianza katika nafasi ambayo Garnett angekuja kuichukua, na badala ya kumwona mpinzani alimlea. Jambo hili wengi hulipita haraka, lakini katika chumba cha kubadilishia nguo, mtu unayetaka nafasi yake ndiye anayeamua kama utafundishwa au utaachwa ujifunze kwa kuumia.

Hakuanza mara moja. Sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya msimu wa 1995-96 aliingia akitokea benchi. Desemba klabu ikambadilisha kocha na kumpa Saunders timu, na Februari ikamuuza Christian Laettner kwa Atlanta, ndipo nafasi ikawa wazi. Alimaliza akiwa ameanza michezo 43 kati ya 80 aliyocheza, kwa wastani wa pointi 10.4 na ribaundi 6.3. Msimu uliofuata aliitwa katika Mchezo wa Nyota, na Minnesota ikaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ngazi zilipandwa moja baada ya nyingine, na kila moja iliwekwa na mtu aliyejua anachokifanya.

Mdau wa Mikataba

Nakubaliana na Mzee wa Ribaundi kwa sehemu kubwa, ila kuna upande ambao hakuugusa, nao ni kanuni za mikataba, ambazo zilimjenga Garnett na baadaye zikamfunga.

Mwaka mmoja kabla yake, Glenn Robinson, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 1994, alisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 68 kabla hajacheza hata dakika moja. Wamiliki walishtuka, na makubaliano mapya ya mwaka 1995 yakaweka viwango maalumu vya mishahara kwa wachezaji wa raundi ya kwanza, kwa mikataba ya miaka mitatu tu. Kundi la Garnett ndilo lililokuwa la kwanza chini ya utaratibu huo. Kwa kijana wa sekondari maana yake ilikuwa kubwa: klabu haikuwa ikijifunga kwa muongo mzima kwa mtu ambaye hajathibitika, na kijana naye alijua kwamba akijithibitisha upesi, fedha kubwa ziko karibu. Nina hakika kwamba bila kanuni hiyo viongozi wengi wasingethubutu kuchagua watoto wa sekondari katika miaka iliyofuata.

Angalieni basi kilichotokea. Ilipofika kiangazi cha mwaka 1997, baada ya misimu miwili pekee, Minnesota ililazimika kuamua kama itampa mkataba mpya au itasubiri na kujihatarisha kumpoteza bure mwaka uliofuata. Garnett alikataa dola milioni 103.5. Oktoba akasaini miaka sita kwa dola milioni 126. Mmiliki, Glen Taylor, alikuwa ameinunua klabu nzima miaka michache tu nyuma kwa takriban dola milioni 88, kwa hiyo alikuwa anamlipa mtu mmoja wa miaka 21 zaidi ya alichotoa kununulia timu yenyewe.

Mkataba huo ulitajwa kila mahali wamiliki, katika mgogoro wa mishahara na wachezaji, walipofunga milango ya ligi kuanzia Julai 1998 hadi Januari 1999, na msimu ukapunguzwa hadi michezo 50 kwa kila timu. Makubaliano yaliyofuata yaliweka, kwa mara ya kwanza, kikomo cha mshahara wa mchezaji mmoja mmoja. Garnett alikuwa tayari amesaini, hivyo hakuguswa. Mwenzake Stephon Marbury, aliyeingia ligi mwaka 1996 na ambaye pamoja naye walionekana kuwa mustakabali wa klabu, asingeweza tena kupata fedha kama zile, na Machi 1999 akaondoka kwenda New Jersey. Mwenzao mwingine katika timu, Tom Gugliotta, alikuwa ameshaondoka. Klabu, ikiwa imebanwa na mshahara wa nyota wake, ikajaribu njia ya mkato: ikamsaini Joe Smith kwa bei ndogo huku ikimwahidi kwa siri mkataba mkubwa baadaye. Ligi ilipogundua mwaka 2000, ikaitoza Minnesota faini ya dola milioni 3.5 na kuinyang'anya zamu kadhaa za raundi ya kwanza katika drafti. Joe Smith huyo ndiye aliyechaguliwa wa kwanza mwaka ule Garnett alipochaguliwa wa tano.

Matokeo yake yalikuwa kutolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano mara saba mfululizo, kuanzia 1997 hadi 2003, pamoja na kwamba kuanzia msimu wa 1999-2000 Garnett alikuwa na misimu sita mfululizo ya wastani wa angalau pointi 20, ribaundi 10 na asisti 5. Kwa hiyo, ndugu mleta mada, unapowaeleza vijana wako kwamba alifaulu, waeleze pia kwamba miaka yake bora kabisa kimwili ilipita akiwa amezungukwa na timu isiyotosha, na kwamba chanzo kimojawapo kilikuwa ule mkataba aliostahili kuupata.

Mwalimu wa Kikapu (mleta mada)

Nawashukuru sana nyote wawili. Suala la Sam Mitchell na hili la viwango vya mishahara sikuwahi kuyaweka pamoja katika hesabu moja, na naona yanaelezana. Naomba sasa tusogee mbele kidogo. Kama mikono iliyompokea ndiyo iliyoleta tofauti, je, waliofuata njia yake wanathibitisha hoja hiyo au wanaipinga? Nauliza kwa sababu Kobe Bryant aliingia Lakers, klabu kubwa yenye haraka ya ubingwa, na bado alifaulu.

Mfuatiliaji wa Drafti

Swali zuri, na mimi nitatofautiana kidogo na waliotangulia, kwa heshima zote.

Mikono inayopokea ni muhimu, lakini aina ya mchezo wa kijana ni muhimu vile vile. Garnett alipofika Minnesota hakuhitaji kuandaliwa mpango wa kushambulia ili aonekane. Alikimbia uwanja mzima, alizuia mitupo, alichukua ribaundi, alipasi, na alizungumza muda wote katika ulinzi. Mambo hayo yanamfaa kocha hata siku ambayo mtupo wa kijana hauingii. Mfungaji wa miaka 18 hana kinga hiyo, kwa sababu akikosa mitupo mitano mfululizo anarudishwa benchi, na akirudishwa benchi mara nyingi anaanza kujitilia shaka. Bryant mwenyewe, mnayemtaja kama mfano wa kufaulu upesi, msimu wake wa kwanza alianza michezo sita tu na kumaliza na wastani wa pointi 7.6. Aliokolewa na ukaidi wake wa kufanya mazoezi, na pia na ukweli kwamba Lakers walikuwa na wafungaji wengine wa kubeba mzigo huku yeye akikua.

Mwangalieni sasa Jermaine O'Neal, aliyechaguliwa wa 17 na Portland mwaka huo huo wa 1996. Portland ilikuwa timu yenye wakubwa wengi wa mwili na wa sifa, na kwa misimu minne alikaa zaidi kuliko kucheza. Mwaka 2000 akapelekwa Indiana, akapewa dakika, na kuanzia 2002 akateuliwa katika Mchezo wa Nyota mara sita mfululizo. Mtu alikuwa yule yule. Mfano huu unaiunga mkono hoja ya Mzee wa Ribaundi kuliko mwingine wowote ninaoufahamu, na unaonyesha pia kwamba mikono mibaya si lazima iwe ya watu wabaya, kwa kuwa Portland walikuwa wakitafuta ubingwa na hawakuwa na dakika za kumpa mwanafunzi.

Kwa upande mwingine yupo Kwame Brown. Mwaka 2001 alikuwa mchezaji wa kwanza wa sekondari kuchaguliwa namba moja katika drafti nzima, na aliyemchagua, akiwa kiongozi wa Washington, ni Michael Jordan, ambaye msimu ule ule alirudi uwanjani kama mchezaji. Kijana wa miaka 19 akajikuta mazoezini na mtu mwenye kiu kubwa kuliko wote ya kushinda, ambaye muda wake wa kucheza ulikuwa unamwishia. Alimaliza msimu wa kwanza na wastani wa pointi 4.5. Ni haki kusema kwamba alidumu katika ligi hadi 2013, na watu wachache mno duniani wanaweza kujivunia hilo, ila namba moja ilikuwa mzigo ambao Garnett, aliyechaguliwa wa tano na klabu isiyotazamwa na mtu, hakuwahi kuubeba.

Na kuna jambo la mwaka 1998 ambalo mleta mada anapaswa kuwaonyesha vijana wake kwa karibu. Rashard Lewis alitarajiwa kuchaguliwa raundi ya kwanza, akasubiri ukumbini hadi akatokwa machozi, na hatimaye akachukuliwa wa 32 na Seattle. Korleone Young akachukuliwa wa 40 na Detroit. Wote wawili walitoka sekondari, wote walikuwa raundi ya pili, ambako hakuna mkataba wenye uhakika unaotolewa kwa kanuni. Lewis alikuja kuwa nyota wa ligi, akateuliwa mara mbili katika Mchezo wa Nyota. Young alicheza michezo mitatu tu ya NBA maishani mwake. Tofauti ya nafasi nane katika orodha haitoshi kueleza pengo hilo, na kipaji peke yake hakitoshi pia.

Mwaka 2004 klabu zilichagua vijana wanane wa sekondari katika raundi ya kwanza pekee. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana kwamba Mmarekani atakayeingia drafti awe na miaka 19 ndani ya mwaka huo, na uwe umepita angalau msimu mmoja tangu kundi lake lihitimu sekondari. Njia ya Garnett ikafungwa.

Kabla sijaondoka, nitaje jambo moja ambalo hunigusa kila ninapolikumbuka. Julai 2007 Minnesota ilimpeleka Garnett Boston ikapokea wachezaji watano, haki mbili za drafti na fedha. Miongoni mwa watano hao, watatu walikuwa wametoka sekondari moja kwa moja: Al Jefferson, Sebastian Telfair na Gerald Green. Klabu iliyofungua mlango mwaka 1995 ilimtoa aliyeufungua, na malipo yakawa vijana waliopita katika mlango huo huo.

Mtazamaji wa Ulinzi

Kwa kuwa wenzangu wameeleza mwanzo na kanuni, mimi nitajazia kuhusu kile hasa alichokuwa akikifanya uwanjani, kwa sababu kinaeleza kwa nini alidumu.

Mtazameni katika hali ya kawaida kabisa ya mchezo: mpinzani mwenye mpira anawekewa kizuizi na mwenzake ili apenye. Mabigi wengi (wachezaji warefu wa karibu na goli) wa zama zile walirudi nyuma kulinda goli na kumwachia mrushaji nafasi. Garnett alitoka mbele, akampokea mwenye mpira mbali na goli huku mikono ameitandaza, akamlazimisha kurudi nyuma hatua mbili, kisha akageuka na kukimbia kumrudia mtu wake kabla pasi haijafika. Wakati wote huo mdomo haukufungwa, akiwapanga wenzake wanne kwa sauti. Alikuwa pia na desturi moja iliyojulikana ligi nzima: refa akishapuliza filimbi na mpinzani akirusha mpira kwa mazoea tu, Garnett aliruka kuuzuia usiingie, ingawa pointi zisingehesabiwa. Hakutaka mtu auone mpira ukipita wavuni na kupata moyo.

Mtu wa namna hiyo hachoki kirahisi katika timu inayoshindwa, lakini anaumia. Msimu wa 2003-04, Sam Cassell na Latrell Sprewell walipoletwa, Minnesota ilishinda michezo 58, na Mei 19, siku alipotimiza miaka 28, Garnett alicheza mchezo wa saba dhidi ya Sacramento akapata pointi 32 na ribaundi 21, akazuia mitupo mitano na kupora mipira minne. Walishinda 83 kwa 80. Katika fainali ya Kanda ya Magharibi Cassell aliumia, na Lakers wakawatoa kwa michezo minne kwa miwili. Misimu mitatu iliyofuata timu haikufika mtoano hata mara moja, huku yeye akiendelea kuongoza ligi nzima kwa ribaundi.

Boston iliyompokea mwaka 2007 ilikuwa imetoka kupoteza michezo 58. Akiwa na Paul Pierce na Ray Allen, chini ya kocha Doc Rivers na msaidizi wake wa ulinzi Tom Thibodeau, walishinda 66, yeye akapewa tuzo ya mlinzi bora wa ligi, na mchezo wa mwisho wa fainali dhidi ya Lakers ukaisha 131 kwa 92. Katika usiku huo alifunga pointi 26 na kuchukua ribaundi 14. Pointi zake za wastani msimu ule zilikuwa chache kuliko alizozoea Minnesota, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Jambo linalojibu swali la mleta mada kwa upande wangu ni la mwaka 2015. Baada ya kupita Brooklyn, Februari mwaka huo alikubali kurudi Minnesota, ambako Saunders alikuwa kocha na kiongozi wa klabu. Alikuwa na miaka 38 na magoti yaliyochoka. Kazi yake sasa ilikuwa ile ya Sam Mitchell, yaani kuwalea Andrew Wiggins na, tangu msimu uliofuata, Karl-Anthony Towns, kijana mrefu wa miaka 19 aliyecheza karibu naye kabisa. Saunders alifariki Oktoba 2015 kwa saratani, msimu ukiwa ndio unaanza, na aliyeshika timu kwa msimu mzima ni Mitchell mwenyewe. Garnett alistaafu Septemba 2016.

Mwalimu wa Kikapu (mleta mada)

Nimejifunza mengi, na hilo la Mitchell kuwa kocha wake mwishoni sikulijua. Swali moja la mwisho, kama mtaniruhusu: kwa kanuni za sasa, Garnett yule yule wa 1995 angefanya nini?

Mfuatiliaji wa Drafti

Kwa umri angekubalika, kwa sababu alitimiza miaka 19 mwezi Mei mwaka huo, lakini sharti la kupita mwaka mmoja tangu kuhitimu lingemzuia, hivyo angesubiri drafti ya 1996. Kama alama zake zingeendelea kumfungia michezo ya vyuo vikuu, mwaka huo wa kati angeutumia katika chuo kidogo cha miaka miwili au katika klabu ya nje ya Marekani. Na hapo ndipo ugumu ungeanza, kwa maana mwaka 1996 Minnesota ilitumia zamu yake ya tano kumpata Marbury kwa kubadilishana na Milwaukee, na kama 1995 ingekuwa imekwisha kumchukua mchezaji mwingine wa nafasi yake, hakuna hakika kwamba McHale na Saunders ndio wangempokea.